Umri wa Kiapo

Nchi ninayoisimulia haipo. Nasema hivi mapema ili kuwapunguzia kazi wasemaji wa serikali yake, ambao vinginevyo wangelazimika kuamka asubuhi na kukanusha. Haipo, haina jina, na jeshi lake halijawahi kushindwa vita, kwa sababu vita vyake havijawahi kwisha.

Vita hivyo vilikuwa kati ya Serikali na Waasi. Serikali ilishika mashariki ya mto, Waasi magharibi, na katikati palikuwa na daraja ambalo kila upande ulilikomboa mara nyingi hadi daraja lenyewe likaisha. Baada ya hapo walipigania mahali lilipokuwa.

Ni lazima niwatendee haki wakuu wa pande zote mbili: hakuna aliyeamuru watoto wapigwe risasi. Walilisema jambo hilo redioni kwa fahari. Walichofanya ni kutega mabomu mashambani ili adui asipite, na kwa kuwa bomu halimtofautishi adui na mtu aliyebeba jembe, msimu wa kupanda ulipita mashamba yakiwa matupu. Waliweka vizuizi barabarani, na mahindi ya mikoa mingine yakaozea ndani ya malori. Waliupiga kwa makombora mtambo wa maji, kwa sababu ulikuwa mrefu na ulionekana vizuri kwenye darubini. Watu wakanywa maji ya mto, na watoto wakaharisha. Zahanati ya Mwabuki ilikuwa na paa zuri, hivyo ikafanywa kambi ya jeshi, na muuguzi wake, Nesi Perusi, akahamia na mizani yake kwenye ghala la pamba lililokuwa halina pamba. Mtoto asiyekula na anayeharisha hukonda bila msaada wa risasi. Waziri wa Afya alipoulizwa alisema watoto wa nchi yake ni wembamba kwa asili, na kwamba wembamba huwasaidia kukimbia.

Miongoni mwa watoto hao wenye asili hiyo alikuwamo Kabula, binti wa Nyamizi, wa miaka miwili na kidogo. Baba yake alichukuliwa na jeshi akaenda darajani, na hakurudi kutoka huko. Mama yake alikuwa amebakiwa na ng'ombe mmoja, jina lake Mabaka, na ng'ombe huyo alitoa kikombe cha maziwa asubuhi na kikombe jioni. Vikombe hivyo ndivyo vilivyokuwa vinamweka Kabula duniani. Naomba msomaji amkumbuke ng'ombe huyu, maana baadaye atakuwa mama wa taifa.

*

Shirika moja la nje lilipata habari za wembamba huo, likaleta shehena ya chakula dawa: uji mzito wa karanga, maziwa, mafuta na sukari, uliofungwa kwenye pakiti ndogo ambazo mtoto hufyonza bila kupika wala kuchanganya maji. Ni chakula kizuri. Mtoto aliyebaki mifupa hukila kwa wiki kadhaa akaanza tena kucheka. Maboksi yake yalikuwa yameandikwa pembeni kwa herufi kubwa: KWA WATOTO WALIO CHINI YA MIAKA MITANO TU.

Wakati huohuo jeshi la Serikali lilikuwa na njaa. Mkuu wa ghala la jeshi alikuwa ameuza unga wote kwa Waasi, ambao walisifika kwa kulipa kwa wakati. Jenerali Ndalahwa, mkuu wa majeshi ya mashariki, mtu ambaye mkanda wake ulishonwa kutokana na mikanda miwili, aliitisha kikao na mshauri wake wa sheria, Kanali Maige.

"Nasikia kuna ghala zima la chakula," alisema Jenerali, "na vijana wangu wanakula majani ya maboga."

"Ni chakula cha watoto, Afande. Mkataba unasema hivyo."

"Nani aliutia saini huo mkataba?"

"Wewe, Afande."

"Mimi niliambiwa ni picha ya ukumbusho."

Kanali Maige alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Alikuwa amesoma sheria ughaibuni kwa miaka mingi na hakupenda kuona elimu ikikaa bure.

"Mkataba unasema mtoto ni mtu ambaye hajatimiza miaka mitano tangu azaliwe," alisema. "Lakini haukueleza kuzaliwa ni nini. Huo ni uzembe wao."

Hapa nieleze desturi moja ya jeshi hilo, ya tangu enzi za mababu. Kuruta akila kiapo hunyolewa kichwa, humwagiwa maji, hupewa jina jipya, na kamanda humwambia: "Umezaliwa leo." Kuanzia hapo umri wake kambini huhesabiwa kwa kiapo. Mzee wa miaka hamsini aliyeapa mwaka jana humwamkia kijana wa ishirini aliyeapa mwaka juzi, na kijana huitikia bila haya.

"Kwa hiyo vijana wangu," alisema Jenerali polepole, kama mtu anayepanda ngazi gizani, "wamezaliwa lini?"

"Tangu vita vianze, Afande. Hakuna hata mmoja aliyetimiza miaka mitano. Waliotimiza wamekufa."

Sheria ya Umri wa Kiapo ilipita bungeni siku hiyo hiyo. Mbunge mmoja aliyeuliza kama watoto wenye ndevu wataruhusiwa kupiga kura alitolewa nje kwa kukosa uzalendo. Ng'ambo ya mto Waasi, ambao hawakukubali kushindwa na Serikali kwa lolote, walipitisha sheria hiyo hiyo kwa maneno makali zaidi.

*

Palibaki tatizo la utepe. Shirika lilitaka kila mtoto apimwe mzingo wa mkono kwa utepe wenye rangi: kijani ni mzima, njano ni mashaka, nyekundu ni hatari. Utepe huo umetengenezwa kwa ajili ya mikono ya watoto, na haukuweza kuuzunguka mkono wa askari hata mmoja. Kanali Maige aliamua kwamba mkono wa askari, kisheria, ni ule unaofanya kazi yake, yaani kidole cha kufyatulia risasi. Vidole vyote vya batalioni vikapimwa, na vyote vikaangukia kwenye nyekundu.

Shirika lilishtuka. Halikuwahi kuona nchi yenye watoto wengi kiasi hicho katika hali mbaya kiasi hicho, likaongeza shehena. Baada ya mwezi liliomba uzito wa wagonjwa, na Nesi Perusi, aliyekuwa amesimamiwa na askari wawili, aliandika alichokiona kwenye mizani. Ofisi ya ng'ambo ilituma pongezi. Katika historia yake yote haikuwahi kupokea taarifa ya mtoto wa miaka mitatu aliyefikisha kilo themanini na mbili.

Nyamizi alimpeleka Kabula ghalani wakati huo. Maharisho yalikuwa yamempata tena, na vikombe viwili vya Mabaka vilikuwa vinaingia na kutoka. Mbele yake palikuwa na foleni ya askari waliokaa chini, bunduki mapajani, kila mmoja akifyonza pakiti.

"Mama Kabula, usitusukume," alisema Sajini Lugendo, jitu la mabega mapana lililokuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minne. "Huoni sisi ni watoto?"

"Naona. Wewe mtoto meno uliota lini?"

"Niliota mapema, dada. Mama yangu alishangaa sana."

"Na ndevu je?"

"Ndevu ni utapiamlo," alisema askari mwingine, na foleni nzima ikacheka.

Nesi Perusi aliupima mkono wa Kabula. Ulikuwa kwenye nyekundu, na ngozi yake ilijikunja kama nguo ya kuazima.

"Yuko hatarini," alisema.

"Basi mpe."

"Wanapewa kwanza walio hatarini zaidi. Angalia." Alinyoosha utepe. "Mkono wa mwanao umefika hapa. Kidole cha Sajini kimefika hapa. Sajini ana hali mbaya kuliko yeye."

"Nesi, unajisikia unavyosema?"

"Najisikia kila siku, mdogo wangu. Juzi nilisema vingine, nikalala mahabusu. Rudi Alhamisi."

Alhamisi vidole vilikuwa bado vyembamba.

*

Huenda mambo yangeendelea hivyo kama Jenerali hangekipenda chakula dawa. Alikionja katika ukaguzi, akatamani mgawo wake. Kwa bahati mbaya yeye alikuwa ameapa zamani sana, hivyo kisheria alikuwa mtu wa miaka thelathini na moja. Bila kumwuliza mtu alijistaafisha asubuhi, akanyolewa, akamwagiwa maji, akala kiapo upya mchana, na jioni akaenda ghalani kama mtoto.

Nesi Perusi alisoma maelezo nyuma ya pakiti kwa sauti. Kanali Maige, aliyekuwa amemsindikiza Jenerali, aliyasoma pia, mara mbili, akakohoa.

"Afande, kuna kifungu. Chakula hiki ni kuanzia miezi sita. Mtoto aliye chini ya hapo hapewi kitu. Hata maji."

"Anapewa nini?"

"Maziwa ya mama, Afande. Peke yake."

Jenerali hakuweza kuivunja sheria iliyokuwa inalisha jeshi lake, na mama yake mzazi alikuwa amefariki. Lakini elimu ya Kanali haikuwa ya kubahatisha. Aliamua kwamba mtu aliyezaliwa kwa kiapo mama yake ni Taifa, na maziwa ya Taifa ni maziwa yote yanayokamuliwa ndani ya mipaka yake. Kabla ya jua kutua askari walizunguka wilaya nzima wakikusanya maziwa ya mama, pamoja na vyombo vyake, yaani ng'ombe.

Kwa Nyamizi alikuja Sajini Lugendo.

"Sajini, mwanangu anaishi kwa huyu ng'ombe. Unajua."

"Najua, dada. Mimi nimetumwa."

"Si mlisema ninyi ni watoto? Mtoto anamnyang'anya mtoto mwenzake?"

"Ndivyo watoto walivyo," alisema Sajini, lakini hakumwangalia usoni, na alimfungua Mabaka kwa adabu isiyo ya kijeshi.

Jenerali aliendelea vizuri. Daktari wa jeshi alitangaza kwamba kichanga ananenepa.

*

Kabula akaanza kuvimba miguu. Wanaojua ugonjwa huu wanajua kwamba uvimbe huo huwadanganya majirani: huonekana kama unono. Nyamizi hakudanganyika. Alirudi kwa Nesi Perusi, na Nesi, kwa sauti ya mtu aliyechoka kusema mambo ya maana, alimwambia, "Labda ukamwapishe."

Nesi alikuwa anatania. Nyamizi alimfunga mtoto mgongoni akaenda kambini.

Kanali Maige alimsikiliza kwa hamu. Hakuna mtu aliyewahi kuja kuijaribu sheria yake kwa hiari.

"Unataka awe askari?"

"Nataka awe mtoto. Nimeambiwa njia ni hii."

"Lakini akiapa leo amezaliwa leo. Chakula dawa hatapata hadi miezi sita."

"Atapata nini?"

Kanali aliifungua tena sheria yake, akaisoma. Alikuwa mtu mwovu kwa njia nyingi, lakini aliheshimu hoja. "Maziwa ya Taifa," alisema.

"Basi mwapishe."

Kabula alikuwa na maneno manne: mama, maji, ng'ombe na sitaki. Kanali alimsomea kiapo chote cha utii, kurasa mbili, kisha akamwuliza kama anakubali. Kabula alisema, "Maji." Kanali aliona hilo linatosha, kwa kuwa sehemu inayofuata ni ya maji. Alipomwagiwa, alikinga mdomo. Alinyolewa nywele chache alizokuwa nazo, zilizokuwa zimegeuka rangi ya kutu, na akapewa jina la Kifaru.

Askari Kifaru alipewa kitanda kambini, na mama yake aliruhusiwa kumtembelea kama jamaa wa askari yeyote. Kila asubuhi Sajini Lugendo alimletea kikombe kutoka kwenye ndoo ya Jenerali. Maziwa yalikuwa ya Mabaka. Askari walianza kunong'ona kwamba Jenerali na Kifaru wamenyonya ziwa moja, kwa hiyo ni ndugu, na kwamba kati yao wawili Kifaru ndiye mwenye akili.

Uvimbe ulishuka. Utepe ulitoka kwenye nyekundu ukaingia njano, na siku moja, Sajini alipokosea hatua katika gwaride, Kabula alicheka.

*

Yaliyofuata yaliletwa na mafanikio. Taarifa za Shirika zilisambaa duniani, na dunia, ambayo haikusumbuliwa na watoto kukonda, ilisumbuliwa sana na kusoma kwamba kuna jeshi lenye askari maelfu, wote wakiwa chini ya miaka mitano. Wakaja wakaguzi. Mapigano yalisimamishwa ili wapite bila vumbi. Walisoma Sheria ya Umri wa Kiapo, wakamwambia Jenerali kwamba kutumia watoto vitani ni kosa la kumfikisha mahakamani, ng'ambo, kwenye chumba chenye dirisha dogo.

"Lakini na mimi ni mtoto," alisema Jenerali.

"Basi ni kosa zaidi," alisema mkuu wa wakaguzi, mtu makini asiyejua utani.

Kanali Maige alifanya kazi usiku kucha. Asubuhi ilisomwa Amri ya Ukomavu: kila aliyekula kiapo cha jeshi, bila kujali lolote, anahesabiwa kuwa alikuwa mtu mzima siku alipoapa. Wakaguzi waliridhika. Majina ya askari wote, la kuzaliwa na la kiapo, yalibandikwa getini kama watu wazima, na ya Kabula yote mawili yalikuwamo. Kwa kuwa sasa jeshi halikuwa na vichanga, maziwa ya Taifa hayakuhitajika, na ng'ombe wote walichinjwa kwa karamu ya amani. Mabaka alipewa meza kuu.

Na sasa nisifu. Chini ya macho ya wakaguzi, chakula dawa kilianza kugawiwa sawasawa. Mikono ilipimwa kama mikono. Ili kisiuzwe, kila mtoto alikula pakiti yake palepale mbele ya mkaguzi. Watoto wote wa wilaya walipata, wakaanza kupona, isipokuwa mmoja.

"Huyu ni askari," alisema mkuu wa wakaguzi, akilinganisha jina na tangazo la getini.

"Mtazame," alisema Nyamizi.

"Mama, tumekuja hapa kwa sababu askari walikuwa wanakula chakula cha watoto. Unataka tuanze tena?"

"Ana miaka miwili."

"Ndivyo walivyosema na wale wengine."

Nyamizi alikwenda kwa Kanali kuomba Kifaru aachishwe jeshi. Kanali alisikitika. Kusimamisha mapigano si kumaliza vita, na askari haachi kazi vitani. Ila angeweza kuomba likizo, kwa maandishi, kupitia kwa mkuu wake wa kikosi. Sajini Lugendo aliileta pakiti moja aliyokuwa ameificha tangu alipokuwa mtoto. Ilikuwa moja tu.

Kisha surua ilipita wilayani. Mwili ulioshiba hupigana na surua, na watoto waliokuwa wakila kwa wiki kadhaa walipigana nayo, wengi wakashinda. Wa Kabula haukuwa na cha kupigana nacho.

*

Taarifa ya robo mwaka ilisomwa na Waziri wa Afya mbele ya wakaguzi. Alisema kwa kipindi chote hicho, wilaya ya Mwabuki haikupoteza mtoto hata mmoja kwa utapiamlo. Upande wa jeshi, aliongeza, alifariki askari mmoja. Wakaguzi walipiga makofi, na walikuwa na haki, kwa maana kila neno lilikuwa sahihi.

Askari anayefia kazini huzikwa kwa heshima. Majeneza ya jeshi yalikuwa ya watu wazima, na Kifaru angeyumba ndani yake, hivyo Sajini Lugendo alichukua boksi la chakula dawa, akalipigilia mbao pembeni. Lilitosha vizuri. Kanali Maige alipoliona aliamuru lifunikwe kwa bendera, na bendera ikakunjwa mara nyingi ili isiburuzike. Alisoma wasifu: kwamba marehemu alilitumikia taifa tangu utu uzima wake hadi mwisho, na hakuwahi kuadhibiwa.

"Kanali," alisema Nyamizi alipomaliza. "Umesahau kusoma na ya kwenye boksi."

"Yale ni ya kiwandani, mama. Si sehemu ya wasifu."

Nyamizi aliinua bendera. Hakuwa mwepesi wa kusoma, hivyo alianza neno moja baada ya jingine, kwa sauti, kidole kikifuata. "Kwa. Watoto. Walio." Gwaride lilisimama wima. Askari wote waliyajua maneno yale, wameyatazama kwa miezi mingi wakifyonza, na midomo ya wengi ilianza kwenda pamoja na yake. Waliposikika wamefika "chini", Kanali aliona kwamba heshima za mwisho zimechelewa, akaamuru mizinga ipigwe.

Ilipigwa. Nyamizi hakuacha kusoma, kwa hiyo na mizinga haikuacha. Waasi, ng'ambo ya mto, hawakuwa wamealikwa mazishini. Waliona moshi, wakadhani Serikali imevunja makubaliano, wakajibu.

Wakaguzi waliondoka jioni hiyo na maboksi yaliyosalia, kwa usalama wa maboksi. Kesho yake pande zote mbili zilitega mabomu mapya mashambani. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na ardhi ilikuwa laini, tayari kwa kupandwa.